Teria wetu Mbeya na Iringa: klabu ya maonyesho, ya kazi au ya matembezi, tuanze na ipi?

Siku hizi watu wenye teria, wale mbwa wadogo wa kuwinda, huku Nyanda za Juu Kusini, hasa Jack Russell maana ndo wanaonekana zaidi, wanataka kuwa na klabu yao. Wengine wako Mbeya mjini, wengine Iringa na Mafinga, na kila mtu ana picha yake kichwani. Mmoja anaona mbwa wamesimama mezani jaji anawakagua meno, mwingine anaona mbwa wanasaka panya ghalani, mwingine yeye anataka tu watu wa kutembea nao jumamosi asubuhi ili mbwa achoke nyumbani kuwe na amani. Hizo ni klabu tatu tofauti kabisa, zinagharimu tofauti na zinamfaa mbwa tofauti, sasa ngoja nizilinganishe hapa mtu akitoa mchango wake ajue anachangia nini.

Msimamo wangu nausema mapema kabisa. Kwa hali ya huku kwetu mi ningeanza na klabu ya kazi na michezo, chanjo iwe sharti la kuingia, alafu mambo ya vikombe na karatasi za ukoo yaje baadae watu wakishazoeana.

Kwanza tumjue mbwa mwenyewe. Jack Russell anaanzia kwa kasisi mmoja wa Devon kule Uingereza, John Russell, aliyezaliwa 1795 akafariki 1883. Akiwa bado mwanafunzi Oxford mwaka 1819 alinunua jike anaitwa Trump kutoka kwa muuza maziwa, na kwa huyo jike akaanza kujenga kizazi cha mbwa mweupe, mfupi, mwenye kifua cha kupenya kwenye shimo, mbwa wa kuingia chini ya ardhi akabiliane na mbweha ambwekee mpaka atoke, sio amuue. Ule weupe nao ulikuwa na maana, wawindaji wasimchanganye mbwa na mbweha. Ndo maana wako akisikia panya kwenye dari hapati usingizi, na akikosa panya anachimba bustani, anakimbiza kuku wa jirani, anabwekea kila bodaboda inayopita. Ukorofi wote huo ni kazi iliyokosa pa kwenda. Kwa hiyo klabu yoyote ile ipime kwa swali moja: jumamosi ya kawaida isiyo na mgeni wala kamera, mbwa wangu atafanya nini pale?

Klabu ya maonyesho

Hii ndo watu wengi wanaiona kwenye video. Uingereza wana Kennel Club, chama kinachosajili mbwa na kusimamia maonyesho, tangu 1873, alafu chini yake kuna klabu za aina moja moja ya mbwa, na nyingine ni za kanda. Border Terrier kwa mfano wana klabu yao tangu 1920, na kuna za kanda kama ya kaskazini na ya kusini, kila moja na maonyesho yake na siku zake za wanachama kukutana. Jaji anaangalia umbo, meno, mwendo, manyoya, anashika kifua kwa mikono miwili nyuma ya mabega kupima kama mbwa angepita shimoni. Ni utaratibu mzuri na una heshima zake, silaumu.

Kwetu tatizo linaanzia kwenye karatasi. Maonyesho ya namna hiyo yanataka mbwa aliyesajiliwa, baba anajulikana, mama anajulikana, na mbwa wengi tunaonunua huku tunapewa kadi ya chanjo tu, saa nyingine hata hiyo hakuna. Kitu cha pili ni saizi, na hapa watu wengi wanachanganywa na wauzaji. Kwa vipimo vya shirikisho la kimataifa la FCI, Jack Russell ni sentimita 25 mpaka 30 begani, na ndugu yake Parson Russell ambaye ana miguu mirefu anakadiriwa sentimita 33 kwa jike na 36 kwa dume. Sasa wako akiwa na 31 au 32 unampeleka wapi? Na hata wenyewe wazungu haikuwa rahisi kukubaliana, Kennel Club ya Uingereza ilimtambua Parson mwaka 1990 lakini Jack Russell mwenyewe mpaka 2016, na Marekani mwaka 2003 wakabadilisha jina la mbwa waliyemsajili kama Jack Russell akawa Parson Russell. Kwa hiyo mtu akikwambia "huyu wako sio orijino" muulize kwanza anatumia kipimo cha nchi gani.

Tatu ni umbali. Kwa Afrika Mashariki jina linalojulikana kwenye maonyesho ni East Africa Kennel Club ya Nairobi. Toka Mbeya mpaka Nairobi na mbwa, cheti cha afya, kibali cha mifugo cha kumvusha mpaka, usafiri binafsi maana konda wa basi atakayekubali mbwa ndani kumpata ni kazi, hiyo hela hata sitaki kuijumlisha hapa. Mtu anayezalisha mbwa kwa malengo ya miaka mingi sawa, inaweza kumlipa. Ila mwenye mbwa mmoja wa nyumbani, sioni.

Lakini kuna kitu cha kuchukua hapa na tusikiache: kumzoesha mbwa kushikwa. Mbwa wa maonyesho anafundishwa toka mdogo kusimama juu ya meza, kufunguliwa mdomo, kuinuliwa miguu, kuangaliwa masikio. Siku unampeleka kwa daktari wa mifugo ana kupe ndani ya sikio ndo utajua hiyo ni mali. Dakika kumi kila mkikutana, meza ya kawaida ya plastiki na kipande cha mkeka juu asiteleze, mgeni amshike mdomo taratibu alafu apewe kipande cha nyama. Haihitaji jaji wala karatasi.

Klabu ya kazi na michezo

Hapa ndo roho yangu ilipo kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wamarekani wana klabu inaitwa Jack Russell Terrier Club of America, ipo tangu 1976, na hawa jamaa walikataa kabisa mbwa wao kuingizwa kwenye kennel club wakiogopa uzuri utaua kazi. Vipimo vyao ni vipana, inchi 10 mpaka 15 yaani kama sentimita 25 hadi 38, kwa hiyo yule wako wa 32 ana nafasi. Kinachonifurahisha zaidi ni usajili. Hawasajili watoto wakiwa bado wananyonya, kila mbwa anasajiliwa peke yake akishafika mwaka mmoja, na cheti cha daktari wa mifugo, picha, na ukoo wa vizazi vinne, na wakikuta wazazi ni ndugu wa karibu kupita kiwango chao cha asilimia 16 wanakataa. Vizazi vinne huku hatuna, ni kweli, ila wazo la kusubiri mwaka na kumpima mbwa mwenyewe tunaweza kulianza kesho kwa daftari la kaunta. Jina, tarehe ya kuzaliwa, mama, baba, picha mbili, muhuri wa daktari. Tukianza hivyo leo, miaka michache mbele watoto watakaozaliwa watakuwa na babu wanaojulikana.

Michezo ya huko Marekani sasa. Kuna ile ya kutafuta panya kwenye marobota ya majani. Panya anawekwa ndani ya bomba lenye matundu ya hewa, limefungwa vizuri, mbwa hawezi kumfikia na panya haumii. Kwenye jaribio la mwanzo kabisa kunakuwa na mabomba matatu, moja tupu, moja lina matandiko tu yenye harufu ya panya, moja lina panya mwenyewe, na mbwa ana dakika moja ya kuonyesha ni lipi. Huku vifaa vyote vipo. Bomba la PVC la inchi nne fundi bomba anakukatia vipande, unachoma matundu kwa msumari wa moto, unaweka vifuniko viwili vinavyofungwa kwa skrubu. Marobota ya nyasi wanayo wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, mnaazima na kurudisha. Panya tumieni wale weupe wa kufugwa, wa porini waacheni na magonjwa yao. Ukimuona teria anapita bomba la matandiko, anasita, anarudi pua chini, alafu anafika kwenye lile lenye panya anaganda mkia unatetemeka kama waya wa umeme, asee, hapo unaelewa ulinunua nini.

Mchezo wa pili ni handaki. Lile la kiwango cha pili kule Marekani lina urefu wa futi 30, kama mita tisa, na kona tatu za pembe mraba, mbwa anatakiwa afike kwa panya aliye nyuma ya nondo ndani ya sekunde 30 na akae anamfanyia kazi sekunde 60. Sio lazima muanze na refu hivyo. Futi 10 na kona moja linatosha kwa wanaoanza, mbao za mabanzi toka Mafinga ni bei rahisi, upana inchi tisa kwa tisa, juu mnafunika udongo.

Mbio ndo zinavuta watu. Baiskeli inageuzwa kichwa chini, tairi ya nyuma inavuliwa inabaki ringi, kamba inafungwa kwenye ringi na mwisho wa kamba kuna kipande cha manyoya ya kondoo au tambara, mtu anazungusha pedeli kwa mkono na tambara linakimbia kwenye nyasi mbwa nyuma yake. Mwisho kuna ukuta wa marobota wenye tundu la kupita mbwa na watu wa kuwadaka upande wa pili. Mbwa wote wafungwe vizuizi vya mdomo, hili halina mjadala, teria akishapandwa na mzuka anamng'ata hata rafiki yake.

Na kuna kazi yenyewe hasa, kusaka panya ghalani. Mahindi yakishavunwa na kuingia stoo kuanzia mwezi wa sita hivi na kuendelea, panya wanahamia huko na mkulima anafurahi mkija na mbwa wanne. Ila msiende kabla ya kumuuliza mwenye nyumba kama ametega sumu. Sio swali la adabu, ni la uhai wa mbwa. Kuna sumu za kuzuia damu kuganda, mbwa akila panya aliyekula hiyo anaweza kuonekana mzima siku mbili tatu alafu fizi zinakuwa nyeupe, anatoka damu puani, na dawa yake ni vitamini K1 ambayo daktari lazima aianze mapema. Nyingine ni za fosfaidi ya zinki, hizo hazikupi siku tatu, zinaua ndani ya masaa. Akisema ametega mwezi uliopita, ahirisheni. Pia mkojo wa panya unabeba leptospira, kijidudu cha ugonjwa unaomshika mbwa na binadamu vilevile, hivyo kwenye kadi ya chanjo angalia ile ya mchanganyiko kama ina herufi L, na nyie wenyewe vaeni gambuti na glovu.

Ghalani inatosha, porini msiende. Kuna vijana wakisikia mbwa wa mashimo wanawaza kufukua nungunungu au nyegere. Kuwinda wanyamapori bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na kumtesa mnyama ni kosa kwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na ukiacha sheria nyegere anamrarua teria vipande. Hata Uingereza kwenyewe tangu sheria yao ya 2004 kumuingiza teria shimoni kumewekewa masharti makali.

Klabu ya matembezi na afya

Hii ndo rahisi kuanza na ndo itakayodumu kama watu ni wachache. Mnahitaji kamba, maji, mifuko ya kuokota kinyesi na mtu mmoja anayefika kwa wakati. Inawafaa wazee, familia zenye watoto, na mbwa waliopita umri wa mbio.

Nguvu yake kubwa ni chanjo. Kichaa cha mbwa karibu visa vyote kwa binadamu vinatoka kwa mbwa, na wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo unakata maambukizi. Mtoto wa mbwa anachanjwa akifika miezi mitatu alafu kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, kikundi kinaweza kwenda kwa afisa mifugo wa kata mapema kikajitolea kushika mbwa, kuandika kadi, kuita watu mtaani, na mbwa koko na mbwa wa walinzi wanachanjwa pamoja na wale wa kizungu. Mtaa ukiona hivyo unaacha kuwaona nyie kama watu wenye majidai ya mbwa.

Afya ya teria yenyewe ina mambo yake ambayo kikundi kinasaidia kuyagundua. Teria wengi akiwemo Jack Russell wana ugonjwa wa kurithi wa lenzi ya jicho kuchomoka mahali pake, jicho linakuwa jekundu, linauma, na ukichelewa anapofuka. Mweupe sana anaweza kuzaliwa kiziwi. Huku kwetu kupe nao hawapumziki na wanaleta magonjwa, mbwa akinyong'onyea, fizi zikapauka na mkojo ukawa rangi ya kahawa, usisubiri kesho. Watu kumi wanaoangalia mbwa wa mwenzao kila wiki wanaona haraka kuliko mwenye mbwa peke yake.

Udhaifu wake ni kwamba matembezi ya kamba hayamtoshi teria kijana. Saa moja barabarani na bado anafika nyumbani anatafuta pa kuchimba. Ndo maana nasema isiwe peke yake.

Na jamani njia mchague kwa heshima. Majirani zetu Waislamu wana utaratibu wao kuhusu mate ya mbwa, basi msipite mlangoni mwa msikiti muda wa swala wala mbwa asiruhusiwe kumrukia mtu nguo. Watoto wengi wanaogopa mbwa, kaa upande mwingine wa barabara na ufupishe kamba.

Mbeya na Iringa

Mbeya kuna vilima, njia za kupanda kuelekea Loleza zinamchosha mbwa na mwenye mbwa, na Uyole kuna wafugaji na nafasi za wazi. Viwanja vya John Mwakangale ndo Nane Nane ya kanda inafanyikia, na kwa kuwa mifugo inaonyeshwa pale, mi naona kikundi kikijipanga mapema kikaomba kona ndogo, mabomba matatu na robota sita za nyasi, wakulima wenyewe watakuja kuuliza mbwa wa panya anapatikana wapi. Ila Juni na Julai asubuhi Mbeya ni baridi kweli, Jack Russell mwenye manyoya laini anatetemeka, kutaneni saa tatu au saa nne jua limeshatoka. Masika msahau handaki, linajaa maji.

Iringa faida yake ni matibabu. Kuna kituo cha wakala wa maabara ya veterinari pale, TVLA, na ikishindikana kabisa hospitali ya wanyama ya chuo kikuu cha kilimo cha SUA Morogoro iko karibu zaidi kuliko ukitokea Mbeya ambako kufika Iringa tu ni zaidi ya kilomita 300. Mafinga kuna mbao za handaki, Mufindi kuna barabara za mashamba ya chai nzuri kwa matembezi mkipewa ruhusa na wenye shamba. Kitulo na Ruaha futeni kwenye ratiba, ni hifadhi za taifa na mbwa haruhusiwi.

Kuunganisha Mbeya na Iringa kuwa klabu moja mi sishauri kwa sasa. Kila mji uwe na kikundi chake, daftari la mbwa liwe moja la pamoja ili madume yazunguke na ndugu wasipandishane, na mkutane mara moja kwa mwaka sehemu ya katikati kama Makambako kwa ajili ya mbio.

Kuhusu kusajili, grupu la wasap linatosha kuanzia. Mkishaanza kuchangishana kila mwezi na kununua vifaa, nendeni kwa Msajili wa Jumuiya Wizara ya Mambo ya Ndani, maana hela ikikaa kwenye namba ya simu ya mtu mmoja ugomvi unakuja hata kama ni mwaminifu.

Kwa hiyo ukiwa na mbwa kijana chini ya miaka sita anayekusumbua nyumbani, tafuta au anzisha ya kazi na michezo. Una watoto wadogo, au mbwa mzee, au ndo kwanza unafikiria kununua, anza na matembezi uwaone mbwa wa wenzako kwanza, utajua kama nguvu hizo unaziweza. Unazalisha na kuuza, basi daftari ni lako kuliko mtu yeyote, lishike vizuri, jike asipandishwe kabla hajakomaa, na mteja aoneshwe mama wa mtoto kabla hajatoa hela. Na klabu yoyote itakayokupokea na mbwa bila kukuomba kadi ya chanjo mlangoni, siku hiyo rudi naye nyumbani.